Utepe wa Tisa

Mwezi uliopita tulikwenda Samail kumsomea khitma Bwana Nassor, aliyekuwa mkuu wa kikosi chetu cha afya. Katika kikosi tumebaki wanne, na kati ya wanne hao mmoja hasikii vizuri na mwingine husikia yasiyosemwa. Baada ya dua wajukuu wa marehemu walituletea bokoboko na halwa, wakatuomba tuwahadithie siku babu yao alipovishwa utepe. Nikawakatiza palepale, maana jambo hilo hunikera mpaka leo. Hakuvishwa yeye, tulivishwa sote. Ilikuwa tuzo ya kikosi, haina mwenyewe. Thureya, ambaye siku zile alikuwa akichemsha sindano na sasa ana vitukuu, akadakia, "Kweli. Tulisimama mstari mmoja, watu tisa." Nikasema tulikuwa wanane. Akasema tisa. Nikamwambia Thureya umezeeka, tulikuwa wanane. Nyuma ya pazia, walikokaa wanaume, sauti ya Hamed, mwenzetu mwingine wa kikosi, ikasema polepole, "Tisa, Sabra. Mie n'likuwa wa mwisho katika mstari, kisha nikatazama pembeni nikaona kuna mtu baada yangu." Wajukuu wakacheka, wakadhani ni hadithi ya majini. Mimi sikucheka, nikairudisha halwa sahanini.

Nilimjua aliyesimama baada ya Hamed. Nilikuwa nimemwondoa tu, kwa makusudi, kidogo kidogo, mpaka nikaweza kusema wanane bila sauti kutetemeka. Mwanangu akinirudisha Nizwa kwa gari aliniuliza kama nimeumwa, nikamwambia ni bokoboko limenikaa vibaya. Usiku ule niliamua kuandika, kwa sababu Bwana Nassor amekufa akiamini kwamba orodha yake ya kikosi ilikuwa safi, na wanaojua kuwa haikuwa safi tuko wawili tu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nina miaka ishirini na miwili. Habari za ukoo wangu na jinsi tulivyotoka Unguja waulizwe wengine. Kila mtu wa rika langu anazo, na zote zinafanana. Nitaanzia katika chumba. Kilikuwa nyuma ya ofisi ya afya hapa Nizwa, kuta za udongo, dirisha moja dogo linalotazama mitende, vitanda viwili vya chuma. Kimoja changu, cha pili cha Zuwena. Asubuhi tulivaa sare zetu kwa kugombania kioo kimoja: kanzu ya kaki inayofika vifundoni, suruali yake chini, mtandio mweupe na beji ya shaba kifuani. Tulikuwa wanaume watano na wanawake wanne, na sisi wanawake ndio tulioingia ndani ya nyumba, kwa wake na mabinti, ambako Hamed na wenzake hawakuweza kutia mguu. Wanawake wa vijijini walitushika kwanza ile kaki, wakaipapasa, ndipo wakatupa mkono. Wengine waliuliza kama tumeolewa, na tukisema bado, waliitazama sare kwa huruma.

Kazi ya kwanza ya mwanamke wa kikosi ilikuwa kumshika mtu mkono wa kushoto, kumpandisha nguo mpaka begani na kutazama kama ana alama ya chanjo ya ndui. Ukiiona unaandika, usipoiona unamkalisha achanjwe. Tulifanya hivyo mara nyingi mno hata tukawa tunawakumbuka watu kwa mabega yao. Thureya alikuwa na tatu ndogo zilizopangana. Yangu imefifia, inataka mwanga. Ya Zuwena ilikuwa kituko. Alipochanjwa skuli kule Pemba alimkimbia mchanjaji, akakamatwa, akadungwa mara mbili kwa hasira mahali pamoja, likatokea bonde linalong'aa kama mtu aliyebonyeza dole gumba kwenye unga uliokandwa. Akijipaka mafuta baada ya kuoga alilisugua na kusema, "Huu muhuri wangu, nikipotea mtanijua." Nami nilimrushia taulo. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kuosha vikombe, na alikuwa na tabia ya kutembea akigusa ukuta kwa ncha za vidole, kila kichochoro alichopita, kama anayehakikisha ukuta bado upo.

Mwaka huo kipindupindu kiliingia katika vijiji vinavyokunywa maji ya falaj, ile mifereji inayoshuka kutoka mlimani na kupita nyumba kwa nyumba. Kinachoanzia kijiji cha juu kinamaliza kijiji cha chini. Miezi minne tuliishi ndani ya Landrova, Manah, Nizwa, mara moja mpaka upande wa Ibra, tukila tende na mkate mkavu, tukichemsha maji, tukitia watu dripu zilizofungwa kwenye misumari ya milango. Karibu na mwisho, wakati maradhi yameanza kupungua, Zuwena alipewa siku mbili aende kwao Manah akapumzike. Mama yake, Bi. Moza, alikuwa mjane, Mpemba wa kuzaliwa, akiishi na mabinti wake katika nyumba ya ukoo wa mumewe kwenye mtaa wa zamani, ule wenye nyumba ndefu za udongo na vichochoro visivyopata jua. Siku ya pili alfajiri tukaletewa habari kwamba Zuwena anaharisha. Tulikwenda kwa mwendo wa kuvunja gari. Tulifika amekwisha kata roho.

Nilimwosha mimi. Kwa maradhi yale hatukuruhusu watu wengi waguse maiti, basi tulikuwa watatu katika chumba cha chini: bibi mmoja mwosha wa mtaa ule, mimi, na Raya, mdogo wake Zuwena, msichana wa miaka kumi na minane, aliyekuwa akitumiminia maji. Ilikuwa saa nne za asubuhi, nje jua linawaka, lakini chumba kile kilikuwa na tundu moja tu juu karibu na dari, na mwanga ulioingia haukufika chini. Kipindupindu humkausha mtu. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Nilijikaza. Tulimgeuza, nikaanza upande wa kushoto, na mkono wangu, kwa mazoea ya kazi tu, ukapanda mpaka begani ukatafuta lile bonde. Ngozi ilikuwa laini. Nikapitisha kidole tena. Nikainama nikatazama. Hapakuwa na kitu. Nilibaki nimeinama, maji yakinitiririka kwenye viganja, mpaka bibi mwosha akanigusa, "Yallah, mwanangu, mfunike, maiti hatazamwi hivyo." Nikamfunika. Nikajiambia ni machozi, ni giza, ni maradhi yamemkausha hata kovu limepotea. Nimefanya kazi ya afya miaka thelathini na moja baada ya hapo, na sijaona maradhi yanayofuta kovu la ndui.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nini? Alizikwa kabla ya adhuhuri.

Bi. Moza hakulia. Wanawake walipokuja kutoa rambirambi waliukuta mlango umekomewa, na yeye akajibu kutoka juu dirishani, "Msinipe pole. Hapewi pole mtu mwenye msafiri." Baada ya wiki mtaa mzima ulijua anachoamini. Watu wa bara hii ya ndani ya Oman wana neno, mughayyab, yaani aliyefichwa. Husema mchawi akimtaka mtu humchukua mzima na kuacha gogo la mtende lenye sura yake, watu wakalilia gogo, wakaliosha na kulizika, na mwenyewe yuko mahali anatumikishwa, anasikia anaitwa na hawezi kujibu. Wazee wetu wa Pemba nao walikuwa na habari hizo hizo kwa majina mengine. Kwa hiyo Bi. Moza alikuwa na ushahidi wa pande mbili za bahari, na hapakuwa na mtu wa kumtoa hapo. Wengine walimcheka kwa kificho. Mimi nilikuwa silali.

Miezi ilipita, kisha ikaja barua. Wakubwa wa Maskati waliamua kutoa tuzo kwa vikosi vya afya vilivyofanya kazi wakati wa maradhi, na chetu kilikuwa kimojawapo. Bwana Nassor alitukusanya uani, chini ya tangi la maji, akaisoma kwa Kiarabu kisha akatufasiria. Alikuwa mtu wa kunyoosha kola hata akiwa peke yake. "Sikilizeni," akasema, "hii haina mkubwa wala mdogo. Si ya Nassor, si ya Hamed. Kila aliyekuwa kwenye orodha siku za maradhi ana utepe wake. Aliye hai anasaini na kuvaa. Aliyefariki anaandikwa marehemu, na mrithi wake anasaini na kupokea. Na orodha haiendi Maskati ikiwa na nafasi tupu hata moja. Ama kikosi kizima, ama hakuna." Kisha akanitazama mimi. "Sabra, karatasi ya Zuwena utaipeleka wewe. Wewe ndiye uliyemwosha. Mama yake atakusikiliza."

Nilikwenda Jumatatu. Landrova iliniacha kwenye birika la falaj, nikaingia mtaa wa zamani kwa miguu, saa sita na nusu mchana, saa ambayo hata kuku wamejificha. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Watu walishaanza kuhamia nyumba za saruji kando ya barabara, wakaacha milango imekaa wazi na ndani kuna giza. Nilisikia viatu vyangu tu. Nilipokata kona ya pili nikamwona mtu mbele yangu, kiasi cha hatua ishirini. Kanzu ya kaki. Mtandio mweupe. Alikuwa anatembea polepole, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa, ncha za vidole zinagusa ukuta.

Nikaita, "Zuwena!" na sauti ikatoka ndogo, kama ya mtoto. Hakugeuka. Nikaita tena. Akakata kona. Nilipofika konani kichochoro kilikuwa kitupu mpaka mwisho, na ukutani, kwenye vumbi la udongo, kulikuwa na mistari minne mipya ya vidole, inakwenda, inakwenda, mpaka mlangoni kwa Bi. Moza.

Mlango haukuwa na komeo. Bi. Moza alikuwa amekaa barazani ndani, ametandika mkeka, kuna sinia ya wali, samaki wa kukaanga, na mkate wa kumimina uliokatwa vipande vitatu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama usoni, wala hakushangaa.

"Umemwona," akasema.

Nikageuka kutazama mlango.

"Leo Jumatatu. Hupita Jumatatu. Kaa, mwanangu, ule, usiogope. Ogopa wale walomchukua, yeye usimwogope."

Nilikaa. Nikatoa ile karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliniuliza neno gani limeandikwa mbele ya jina, na nilipomwambia ni "marehemu" akaisukuma kwa kidole kama kitu cha najisi. "Hilo lifute. Mwandike kama mlivyoandikwa nyie. Akirudi atasaini mwenyewe." Nikaanza kumweleza habari ya utaratibu, na orodha, na Maskati, na huku nikisikia hatua juu ya dari, hatua za viatu, zinakwenda na kurudi. Bi. Moza akainua uso. "Zuwena!" akaita, kwa sauti ya kila siku, sauti ya mama anayetaka chumvi. "Mletee mwenzio kahawa!"

Na juu kukajibiwa, "Labeka, mama."

Sitaongeza chumvi. Nilisimama nikataka kukimbia, na ningekimbia lau mguu wangu haungenasa kwenye pindo la mkeka. Ngazi zikalia. Ikashuka kanzu ya kaki, beji ya shaba kifuani, mtandio mweupe, dele la kahawa mkononi, na chini ya mtandio ulikuwa uso wa Raya. Alikuwa amekonda. Alinimiminia kahawa bila kunitazama, akasimama pembeni kama anayesubiri amri. Mama yake alimtengeneza kola kwa upole mkubwa. "Kila Jumatatu humvisha nguo za dada yake azunguke mtaa," akaniambia, kama anayenieleza mapishi. "Aliyefichwa huona, ila njia kaisahau. Akijiona mwenyewe anapita, atafuata."

Raya alinisindikiza mpaka mlangoni. Hapo ndipo aliponishika mkono, vidole vya baridi katika joto lile. Alininong'oneza haraka haraka. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Nizwa, na masomo yanaanza baada ya wiki tatu, na mama hataki hata kusikia, anasema akitoka naye atachukuliwa. Mwanzo ilikuwa Jumatatu tu. Sasa ni Jumatatu na Alhamisi. Analala kwenye kitanda cha Zuwena, anakula upande wa Zuwena, na siku hizi mama hamwiti jina lake hata siku ambazo hajavaa sare.

"Dada Sabra," akasema, "juzi kaniita Zuwena nikaitika kabla sijafikiri. Mie mwenyewe. Wallahi naogopa. Nisaidie."

Nilimwambia Bwana Nassor kwamba mama hajakubali. Sikumwambia nilichokiona. Alinyoosha kola, akasema orodha inangojwa, akanipa siku kumi, na nadhani alikuwa na wasiwasi wa utepe kuliko wa kitu kingine, nami namsamehe kwa hilo, maana hakujua. Siku kumi zile sikuwa na akili ya kazi. Nilimshika mtu mkono wa kushoto nikasahau kuandika. Nilijua kwamba yule msichana anazama, na kwamba anazamishwa na mama anayempenda, na kwamba mtu pekee ambaye mama huyo angemwamini akisema "nilimwosha, alikuwa ni yeye" ni mimi. Nilijua pia kwamba siwezi kusema hivyo bila kidole changu kukumbuka ile ngozi laini. Kila usiku nilikigeukia kile kitanda cha pili, kilichobaki na chuma tu, nikimuuliza Zuwena nifanyeje. Alikuwa hajibu, na nilishukuru kwamba hajibu.

Siku ya tisa nikarudi. Ilikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Bi. Moza alikuwa anachambua mchele, Raya yuko pembeni yake, kavaa kanzu ya kaki ingawa haikuwa siku yake. Nilianza maneno niliyoyapanga njiani, nikayasema nusu, na Bi. Moza akaweka ungo chini.

"Wee msomi," akasema, "na mie sikusoma, lakini si mjinga. Nakuuliza swali moja. Wakilileta gogo hulipa sura. Hulipa nywele, hulipa kucha, hulipa hata joto la mwisho. Lakini chanjo hawawezi. Ile kazi ya sindano, kazi ya serikali, mchawi haijui. Gogo halina muhuri." Akanisogelea. Alinuka karafuu na moshi wa ubani. "Mwanangu alikuwa na muhuri begani, nyie nyote mkiujua. Wewe ndiye ulomshika. Uliuona?"

Sijapata kuulizwa swali la haki kuliko lile. Wakubwa wote wa afya niliowafanyia kazi baadaye, na karatasi zao, hakuna aliyewahi kuuliza jambo lililonyooka namna ile. Nilimtazama Raya. Alikuwa ameinamisha kichwa, na ncha za vidole vyake zilikuwa zinagusa ukuta, zinakwenda na kurudi, na nina hakika hakujua kama anafanya hivyo.

"Niliuona," nikasema.

"Una udhu?"

"Ninao."

Akainuka akauteremsha msahafu kutoka rafuni, akaufungua kitambaa, akaushika mbele yangu kwa mikono miwili. Hakusema apa. Aliushika tu. Nikaweka mkono, nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nilipomwosha Zuwena binti yake niliuona muhuri wa chanjo kwenye bega la kushoto, ulivyo, mahali pake. Sauti yangu haikutetemeka. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Bi. Moza aliurudisha msahafu rafuni. Akakunja mkeka wa chakula. Akamwendea Raya, akamvua beji ya shaba, akamvua mtandio mweupe, akamtazama kwa muda kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vitu vimehamishwa. "Raya," akasema. Kisha akaufungua mlango mbao zote mbili, akakaa chini kizingitini, akalia kilio ambacho sijasikia tena mfano wake, mchana ule ule wa jua kali, na wanawake wakaanza kutoka majumbani mmoja mmoja, wengine mikono ina unga, wakaja kumpa pole ya mtu aliyezikwa miezi saba nyuma. Alibonyeza dole gumba lake lenye wino mbele ya neno "marehemu". Nilifika Nizwa wino umekwisha kauka.

Nilifunga siku tatu kwa ajili ya kiapo kile, bila kumwambia mtu. Thureya alidhani najinyima ili niwe mwembamba kwa picha. Nilikwisha sikia, na hata leo nasikia, kwamba kiapo cha uongo cha namna ile hakifutwi kwa siku tatu za njaa.

Tuzo zilitolewa uani kwenye ofisi, hapa Nizwa, asubuhi. Walitandika zulia juu ya kokoto, wakaweka viti vya wageni, na mkubwa wa Maskati akaja na visanduku tisa vyembamba, kila kimoja na utepe wa kijani na mweupe. Tulipangwa kwa kimo, na Hamed, mfupi wetu, akawa wa mwisho. Warithi walitakiwa wakae vitini wangoje kuitwa. Bi. Moza hakukaa. Alikuja na buibui lake jeusi la Pemba, ambalo hapa halikuvaliwa na mtu, akapita mbele ya wageni, akasimama baada ya Hamed, mikono ubavuni, kidevu juu, kama tulivyosimama sisi. Bwana Nassor akanyoosha kola. Mkubwa wa Maskati alipomfikia alimpa kisanduku, lakini yeye hakukipokea. Alionyesha kifua chake. Mkubwa akaona haya kumgusa mwanamke, akageuka kutafuta msaada, akanipa mimi pini. Nikamvisha Bi. Moza utepe wa mwanawe. Pini iliniteleza nikamdunga, na tone la damu likatoka juu ya buibui, halikuonekana kwa weusi wake. Alininong'oneza, "Ahsante, mwanangu. Umenizikia mwanangu." Huyo ndiye wa tisa. Ningependa sana kuwa nimemsahau.

Wiki iliyofuata nikampeleka Raya kwenye masomo. Bi. Moza alimfungia mikate katika kitambaa, akamsomea, akamwachia. Tulikaa kiti cha nyuma cha Landrova, mimi na yeye, na dereva mbele alikuwa Mbalushi asiyejua neno la Kiswahili. Barabara ilikuwa ya vumbi bado. Raya alikuwa amechangamka, anacheka ovyo, ananiuliza chakula cha bweni kikoje, ananiuliza kama ni kweli wanafunzi huzimia wakiona damu. Nilimtazama nikasema moyoni, hiki ndicho nilichokinunua. Nilifurahi kweli. Tulipoiacha Manah nyuma, mitende ikawa michache, akaacha kucheka.

"Dada Sabra, nikuulize kitu ili nilale?"

"Uliza."

"Mama aliniuliza mie kwanza, kabla yako. Kuhusu muhuri. Nikamwambia machozi yalinijaa, sikuangalia." Alikuwa anakizungusha kile kitambaa cha mikate mapajani. "Uongo. Niliangalia. Nilikuwa nakumiminia maji bega hilo hilo, nikaangalia sana. Sikuona kitu. Nikawa sili, silali, nasema mama anasema kweli. Kisha wewe ukaapa. Nikasema alhamdulillahi, mwenzangu aliuona, ni macho yangu tu. Sasa nionyeshe, dada. Ulikuwa wapi? Nyuma zaidi? Chini?" Akapandisha mkono wa kanzu yake, akanigeuzia bega lake la kushoto, lenye kialama kidogo cha kawaida. "Weka kidole. Niambie tu ulikuwa hapa."

Miezi yote ile, tangu chumba kile, nilikuwa nimebaki na tumaini moja. Kwamba yupo mtu mwingine aliyekuwa na macho mazuri kuliko yangu, na siku moja ataniambia aliuona. Nililiapia tumaini hilo. Na yeye, masikini, alikuwa amelala usingizi wa wiki mbili juu ya kiapo changu. Kidole changu kilikuwa tayari hewani. Ningeweza kukiweka popote.

"Sikuuona, Raya," nikasema.

Hakupiga kelele. Aliteremsha mkono wa kanzu taratibu, akafunga kifungo. Akageuka akatazama kioo cha nyuma, mitende ya Manah imekuwa mstari tu, na vumbi letu linaifunika.

"Basi yuko," akasema. "Na mama hamwiti tena." Kisha, kwa sauti ndogo: "Turudi?"

Kulikuwa na muda wa kurudi. Jua lilikuwa bado juu, gari lina mafuta, na mwanamke mmoja kule nyuma alikuwa ameufunga mlango kwa sababu ya neno langu. Niliwaza Jumatatu. Niliwaza vidole vya Raya ukutani. Kama Zuwena alikuwa mahali, anasikia na hawezi kujibu, basi waliomzimia taa ya mwisho tulikuwa sisi wawili, rafiki yake na ndugu yake, tuliompenda. Nililijua hilo vizuri nilipoinama mbele na kumgusa dereva begani.

Nikamwambia kwa Kiarabu asisimame popote, mpaka Nizwa.